MJADALA: Nne bila kule Muheza. Kocha aondoke kabla ligi haijaanza?

Mwana Ngamiani (mfungua mjadala)

Wana Tanga, nauliza bila kuzunguka. Timu ikifungwa mechi ya kirafiki, tena ikafungwa vibaya, hiyo peke yake inatosha kumwondoa kocha?

Kwa ambao hamkuwepo: timu yetu ya mtaa, inayocheza ligi ya mkoa, Jumamosi ilikwenda Muheza kwenye mechi ya maandalizi ikapigwa nne bila. Jina la timu siliandiki, maana karibu nusu ya wachezaji ni watoto wa sekondari na sitaki mtu aje kuwasema humu kwa majina. Jana jioni wanachama wamekaa kikao, na hoja iliyotawala ni kwamba kocha aliyekuja mwezi wa tano aachie ngazi, arudishwe yule wa zamani. Kura ni Ijumaa baada ya Isha. Mimi nasema asiondolewe. Nitaeleza sababu zangu, halafu mnipinge kwa hoja.

Kipindi cha kwanza waliingia wale tuliowazoea. Tukafungwa moja ya penalti, na ilikuwa halali, beki namba tano alimvuta mtu jezi refa akiwa hatua tatu kutoka pale. Ukiacha hilo, tulicheza sawa kwa sawa, na winga wetu wa kulia angetulia tungerudisha kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili kocha akabadilisha karibu timu nzima. Wachezaji wa majaribio walikuwa sita uwanjani kwa wakati mmoja. Hapo ndipo zikaingia tatu: moja ya krosi, mbili za kona.

Kikao cha jana kilizijumlisha zote nne kikatoa hukumu moja. Mimi nazitenganisha.

Lile la krosi lilikuwa dakika za mwisho. Beki namba tatu, dogo kabisa, alipitwa kwa mbio akabaki ameshika magoti. Pembeni ya uwanja watu wakamwita mvivu. Jamani, hao vijana wiki ya tatu sasa wanakimbia alfajiri kwenye mchanga kule Raskazone maji yakipwa, na jioni wanarudi kiwanjani. Ijumaa, siku moja kabla ya safari, walifanya mazoezi kama kawaida, hakuna aliyepumzishwa. Aliyewahi kupita kwenye maandalizi anaijua miguu ya wiki ya tatu: unaiambia kimbia, inakuja nyuma yako. Kocha anawajaza pumzi sasa ili waitumie ligi ikikolea. Angetaka ushindi wa Muheza, angewapumzisha siku mbili tu na pengine angeupata, halafu tungemsifu kwa kitu ambacho hakitusaidii hata pointi moja.

Za kona ndizo zinazoninyima raha. Mara zote mbili mpira ulitua eneo lilelile, nguzo ya karibu, na mara zote mbili hapakuwa na mtu wetu. Ya pili niliiona kwa karibu, nilikuwa nimesimama nyuma ya goli. Kipa alinyoosha mkono akapiga kelele "nguzo! nguzo!" Mabeki wawili wakatazamana, kila mmoja akidhani anaambiwa mwenzake. Mshambuliaji wao hata hakuruka, aliusukumia ndani kwa paja. Hapo huwezi kuniambia habari za uchovu. Kusimama kwenye nguzo hakuhitaji pumzi, kunahitaji uwe umeambiwa kwamba hiyo ni kazi yako.

Kwa hiyo swali langu kwa kocha ni moja: nani anakaa nguzo ya karibu, na alipangiwa lini? Akijibu vizuri, abaki. Akijiumauma, tumbane hadi ajibu. Ila kumfukuza mtu kwa sababu ya namba nne tu, sikubali.

Na wanaosema mechi ya kirafiki inaonyesha msimu mzima utakavyokuwa, tuangalie waliotutangulia. Agosti 2021, Siku ya Mwananchi, sherehe yao ya kutambulisha kikosi, Yanga walifungwa 2-1 na Zanaco ya Zambia mbele ya mashabiki wao. Wakatukanwa nchi nzima. Msimu wa 2021/22 wakachukua ubingwa wa Ligi Kuu bila kupoteza mechi hata moja. Mwaka uliofuata, Agosti 2022, wakafungwa tena siku hiyohiyo yao, 2-0 na Vipers ya Uganda. Wiki moja baadaye wakawafunga Simba 2-1 kwenye Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu, mshambuliaji wao Mayele akitupia yote mawili, na msimu ukaisha wakiwa mabingwa na wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kocha misimu yote miwili ni yuleyule, Nasreddine Nabi. Wangemsikiliza aliyekasirika jukwaani Agosti 2021, hayo mengine yasingekuwepo.

Karibuni.

Mgosi wa Makorora

Mwana Ngamiani, nakuheshimu, ila mifano yako umeikata katikati. Baada ya Zanaco nini kilifuata? Septemba hiyohiyo Yanga walikutana na Rivers United ya Nigeria, Ligi ya Mabingwa. Wakafungwa moja bila nyumbani, wakafungwa moja bila ugenini, wakatoka. Mechi ya kirafiki ilikuwa imeshasema kwamba timu haijawa tayari, na haikuwa tayari.

Nakuongezea na wa upande wa pili. Septemba 2021, Simba Day, sherehe ya Simba kama ile ya Yanga, TP Mazembe aliwafunga Simba moja bila. Watu wakasema ni kirafiki. Siku chache baadaye Ngao ya Jamii ikaenda Yanga, moja bila. Mwezi uliofuata wakatolewa na Jwaneng Galaxy hapohapo Dar es Salaam, 3-1, wakati kule Botswana walikuwa wameshinda mbili bila. Kocha Gomes akaondoka. Ubingwa walioushika misimu minne mfululizo ukapotea. Ile moja bila ya Mazembe mwenye macho aliiona.

Na tusiende mbali, njoo hapa Tanga. Coastal walimaliza nafasi ya nne msimu wa 2023/24, mji mzima ukafurahi, tumerudi kimataifa. Agosti 2024 wakaenda Ngao ya Jamii, Azam akawapiga 5-2. Tukaambiwa timu bado inaungana, subirini. Haikupita muda wakaenda Angola kwa Bravos do Maquis, tatu bila. Marudiano sare tasa, safari ikaisha.

Mimi nimechoka na hilo neno subirini. Msimu wa 2015/16 mkoa huu ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu zikashuka msimu mmoja. Zote tatu! Msimu mzima tulikuwa tunaambiwa bado mapema, mzunguko wa pili mtaona. Tukaona. Tangu hapo mtu akiniambia bado mapema, mwili unanisisimka.

Halafu kuna hela. Kwenda Muheza tulichangishana, Coaster, chakula cha wachezaji, maji, marefa. Mtu anayeuza mihogo ametoa buku mbili yake. Ana haki ya kuuliza ameona nini. Nakwenda Ijumaa, na kura yangu ni aondoke.

Mzee wa Barabara ya 8

Wanangu, salaam aleikum.

Mimi nimeanza kwenda uwanja wa Mkwakwani nikiwa nabebwa. Mwaka 1988 Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Tanzania nilikuwa kijana mwenye nguvu zangu, nikishabikia kwa sauti. Nawatajia mambo mengi ya mwaka ule mpaka kesho asubuhi. Lakini mkiniuliza mechi za kirafiki kabla ya ligi ile tulifunga ngapi na tulifungwa ngapi, sikumbuki hata moja. Nimewauliza na wenzangu wawili hapa kwenye kahawa, na wao hawakumbuki.

Ila Mgosi ana jambo lake na msimdharau. Wakati wetu mchezaji alikuwa anakaa barabara ya tatu kutoka kwako. Akicheza vibaya Jumamosi, Jumapili unakutana naye sokoni na anakueleza mwenyewe kilichotokea. Siku hizi kocha akimaliza mechi anapanda gari anaondoka, hakuna anayesema naye. Shabiki asipoelezwa atajieleza mwenyewe, na atajieleza kwa hasira.

Mwalimu wa Pongwe

Naomba niingie, michezo ndiyo kazi yangu shuleni.

Mwana Ngamiani, nakuunga mkono kwenye uchovu, nakupinga kwenye kona. Unasema kusimama kwenye nguzo ni kuambiwa tu. Ni kweli kama wachezaji ni walewale. Kazi za kona zinagawiwa kwa watu: huyu nguzo ya karibu, huyu anamkaba mrefu wao, hawa wawili wanamlindia kipa njia, mmoja anabaki mbele. Ukiwatoa wanane kwa mpigo, mgawanyo wote umeondoka nao. Kwenye ligi hilo halitokei, huwezi kubadilisha wanane. Kirafiki timu mbili zikikubaliana na refa akijulishwa, mnabadilisha hata timu nzima, na sheria inaruhusu. Zile kona mbili zimetokea kwenye mazingira ambayo msimu mzima hutayaona tena. Isitoshe, makocha wengi kona na frii-kiki wanaziacha wiki za mwisho, kikosi kikishajulikana. Mwanzo ni pumzi na mpira wenyewe.

Sasa kosa la kocha mimi naliona kwingine, na nashangaa halijatajwa. Kuwaweka wachezaji sita wa majaribio pamoja. Unamjaribuje beki mgeni wakati aliye kulia kwake mgeni, kushoto mgeni, na namba sita aliye mbele yake mgeni? Akifanya vibaya hujui ni yeye au ni kukosa wa kumwongoza. Mgeni mmoja au wawili, katikati ya wenyeji wanaojua wanachofanya, hapo utaona kama mtu anafaa. Mechi ile kocha hakuipoteza kwa mabao manne. Aliipoteza kwa sababu amerudi Tanga na wageni wake sita, na simwoni atakavyoweza kusema kwa uhakika yupi anamfaa.

Mgosi wa Makorora

Mwalimu, unazidi kunipa sababu za kumpigia kura ya kuondoka.

Mwalimu wa Pongwe

Hapana, Mgosi. Nakupa sababu ya kumuuliza. Ukimwondoa Ijumaa, anayekuja anaanza tena wiki ya kwanza, na ligi haimsubiri.

Mwana Ngamiani

Mgosi, nimekusoma mara mbili. Rivers United nakubali, ni kweli walitolewa, na nilihitaji mtu aniongezee hicho kipande kama ulivyofanya. Lakini angalia kinasema nini. Kinasema mechi ya Zanaco ilionyesha timu haijawa tayari mwezi ule. Sawa. Haikuonyesha kwamba kocha hafai. Hayo ni mambo mawili, na kikao cha jana kiliyachanganya. Hata mimi nasema hatujawa tayari! Kama ligi ingeanza kesho tungefungwa. Ndiyo maana haianzi kesho.

Na Coastal ya 2024, ulisimulia ukaishia njiani. Baada ya 5-2 na baada ya Angola, David Ouma, yuleyule aliyewafikisha nafasi ya nne, aliachishwa msimu ukiwa mchanga. Tuambiane ukweli: mabeki walioruhusu yale mabao waliondoka naye? Walibaki, akaja mtu mwingine kuanza kuwajua upya, ligi ikiwa inaendelea. Mimi niliumia kwa yale matokeo kama wewe. Sikuona faida ya kumwondoa.

Kinyume chake mtazame Juma Mgunda. Mchezaji wa zamani wa Coastal, akakaa na timu kama kocha muda wa kutosha, watu wakimsema kila kufungwa. Mwaka 2022 akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, pale Arusha, sare ya 3-3 na Yanga ambao walikuwa hawajafungwa ligi nzima, Abdul Sopu akiwafunga yote matatu. Tulitolewa kwa penalti, nililia, na bado ni moja ya siku ninazojivunia kuwa mtu wa Tanga. Timu ile haikutengenezwa kwa mwezi mmoja.

Kuhusu 2015/16 sitakujibu kwa hoja. Ile iliuma na bado inauma. Nilikuwepo Mkwakwani, najua unachosema.

Mwalimu, umenipa la kufikiri kwenye kona. Lakini kuna kitu kimoja hukitatui. Wale mabeki wawili waliotazamana, mmoja ni wa majaribio, mwingine ni wetu wa mwaka jana. Huyu wa mwaka jana naye hakujua. Ndiyo maana nasema kocha aulizwe.

Dada wa Chumbageni

Nimekuwa nasoma tu, sikutaka kuandika, lakini yule beki namba tatu mnayemzungumza ni mdogo wangu. Ana miaka kumi na saba.

Kwenye gari kurudi Tanga alikaa kiti cha nyuma, watu wazima wakamwimbia mvivu kutoka Muheza hadi Pongwe. Watu wazima, wenye watoto. Alipofika nyumbani hakula, akasema mpira ameacha. Nashukuru mfungua mjadala angalau hakumtaja jina.

Sasa kuna jambo mnajadili hapa bila kulijua. Mnasema miguu mizito, mchanga wa Raskazone, wiki ya tatu. Mimi nitawaambia kingine. Gari liliondoka saa tano asubuhi. Mechi ilianza saa kumi. Katikati hapo mdogo wangu alipewa soda moja na nusu ya mkate. Basi. Siyo yeye peke yake, wote. Wale wa kipindi cha pili walisubiri zaidi, wameingia uwanjani saa kumi na moja wakiwa na soda ya saa saba. Mgosi, wewe umesema mlichangia chakula. Nataka kujua kilienda wapi.

Mgosi wa Makorora

Dada yangu, pole sana. Mwambie dogo asiache mpira, nimekuomba. Mimi sikuwemo kwenye gari lile, nilikwenda na pikipiki. Ningekuwemo nyimbo zile zisingeimbwa.

Kuhusu chakula, nimesoma ujumbe wako nikasimama. Mimi ndiye niliyepita na daftari upande wa Makorora. Hela ya chakula ilikuwepo na nilimkabidhi anayehusika mkononi, mbele ya watu wawili. Ilikuwa ya wali na maharage kwa kikosi chote na wasaidizi, na bei tuliulizia kabla. Soda na nusu mkate siyo tulichokubaliana. Hili nalibeba mimi mpaka Ijumaa.

Kijana wa Mikanjuni

Mimi ni mmoja wa wale sita wa majaribio. Asanteni kwa kutujadili 😀 ila ngoja niseme ukweli wangu.

Mazoezi na timu hii nimefanya siku nne kabla ya mechi. Kona hatukufanya hata siku moja, Mwalimu kasema kweli. Lakini na Mwana Ngamiani kasema kweli, kwa sababu tulipokuwa tunaingia kipindi cha pili tulitakiwa tuambiwe hata kwa maneno tu, wewe hapa, wewe pale. Kocha alituambia kitu kimoja: nataka kuona nani anaongea uwanjani. Akakaa na daftari lake, hakupiga kelele hata mara moja. Sisi tulidhani anatudharau. Jumapili akaniita pembeni akanisomea alichoandika. Dakika kwa dakika! Nilipoitisha mpira, nilipokaa kimya, lile bao la pili la kona ameandika "watatu karibu, hakuna aliyesema." Sijui kama huo ni ukocha mzuri au mbaya. Najua hakuna kocha aliyewahi kuniandika hivyo.

Njaa ni kweli. Dakika za mwisho nilikuwa naona giza giza.

Mzee wa Barabara ya 8

Basi hilo daftari aje nalo Ijumaa, alisome mbele ya wanachama. Sehemu za watoto azisome bila majina.

Mgosi wa Makorora

Kwa hiyo alikuwa anafanya majaribio yake, na sisi tulilipa Coaster kwenda kutazama asichotuambia. Kijana, nakuombea upate namba, umeongea kiume. Lakini hapo ndipo kocha aliponikera zaidi. Angesimama kabla ya safari akasema jamani, mechi hii sitafuti matokeo, nawatazama wageni na nawatazama nani anaongea, mimi ningekwenda na akili nyingine. Ningefungwa nne nikarudi nimekaa kimya. Alinyamaza, tukaenda na jezi na ngoma kama tunaenda fainali.

Mwana Ngamiani

Hapo Mgosi sina cha kukupinga. Timu kubwa zikicheza Siku ya Mwananchi au Simba Day, ile ni sherehe ya kutambulisha kikosi, watu wanalipa kiingilio, wasanii wanaimba, na bado kila aliyekaa jukwaani anataka ushindi. Ndiyo maana kufungwa kwa Zanaco kuliwaka vile. Timu yetu haina sherehe wala wasanii. Ina watu wanaochangishana nauli. Watu hao wakiambiwa lengo la mechi mapema, hasira nusu yake haizaliwi. Kocha hakuona kwamba ni wajibu wake kusema, na viongozi hawakumwambia kwamba kwetu ni wajibu.

Lakini nirudi kwenye kura, maana ndiyo mjadala wenyewe. Tangu asubuhi tumegundua nini? Kwamba vijana walicheza na njaa. Kwamba hela ya chakula ilitolewa na haikufika sahanini. Kwamba wageni sita waliingia bila kugawiwa kazi za kona. Kwamba watu wazima wamemwimbia mtoto wa miaka kumi na saba njia nzima. Katika hayo manne, la kocha moja kwa moja ni la wageni. Mengine matatu ni yetu sisi, kamati na mashabiki. Halafu Ijumaa tunakwenda kumpigia kura yeye peke yake?

Ningependa ajenda ibadilishwe. Ya kwanza, hesabu ya safari ya Muheza, risiti kwa risiti, aliyepokea hela asimame. Ya pili, kocha aje na daftari kama Mzee alivyosema, aeleze kona, aeleze kwa nini sita kwa mpigo. Ya tatu, mtu akitaka kura ya kumwondoa baada ya kusikia hayo, ipigwe. Nitapiga ya abaki, nasema mapema. Lakini nataka apigiwe na watu walioshiba taarifa.

Na Dada, mimi na wengine wawili tutapita Chumbageni kesho baada ya Alasiri kumwona dogo, kama utaruhusu. Hatuji kuhubiri, tunaleta viatu. Nilimwona Muheza cha kulia kimeachia soli.

Dada wa Chumbageni

Njooni. Ila kama kuna hata mmoja aliyeimba kwenye gari, asije.

Mwalimu wa Pongwe

Kuhusu chakula niongeze kidogo, kwa faida ya kamati. Mchezaji anatakiwa ale chakula kizima masaa matatu hivi kabla ya mechi, wali au ugali, siyo cha mafuta mengi, na maji kidogo kidogo mpaka filimbi. Mechi ya saa kumi ina maana chakula saa saba. Saa saba walikuwa wameshafika Muheza. Kulikuwa na muda wote wa kupika hata pale pale uwanjani.

Na hii inaharibu hata kile mnachobishania. Kocha alitaka kupima pumzi, nani anaongea, nani anafaa. Mchezaji mwenye njaa haongei. Daftari lile limeandikwa juu ya watu wenye njaa, na kocha mwenyewe sijui kama alijua.

Kijana wa Mikanjuni

Alijua. Alitununulia maji kwa hela yake.

Mgosi wa Makorora

Alijua na akawaingiza? Au alijua akafanya alichoweza? Hilo nalo aje alijibu Ijumaa.

Sikilizeni. Kura yangu ya kumwondoa sijaifuta. Zanaco, Mazembe, Coastal, yote yale bado nayaamini, mechi ya kirafiki inasema kitu na sisi Tanga tumekuwa viziwi muda mrefu. Ila mpangilio wa Mwana Ngamiani nauunga mkono, hesabu ianze. Daftari la michango ya Makorora ninalo, lina majina na kiasi, nakuja nalo. Wa Ngamiani na wa Chumbageni waje na ya kwao. Aliyepokea hela anajua kwamba namzungumzia yeye, na nimeshampigia simu mara kadhaa tangu mchana, haipokelewi.

Mzee wa Barabara ya 8

Mimi nakaa naye nyumba ya tatu. Nakwenda kumgongea sasa hivi.